Mchanga Kwenye Shamba la Bibi

Watu wa Ukunda wakisikia tope wanafikiria uchafu, kitu cha kuoshwa miguuni kabla hujaingia dukani. Mimi nina kibanda cha kutengeneza simu pale Kona ya Musa, na kila siku ya mvua nasikia wateja wakilitukana tope mlangoni kwangu, na kila siku najizuia nisigombane nao. Siku nyingine sijizuii. Mimi nimelelewa na tope. Wali nilioula tangu niote meno mpaka juzi juzi ulitoka kwenye bonde moja tu, la mto Ramisi, huko nyuma ya Msambweni, na katika bonde hilo kulikuwa na shamba la bibi yangu, mama yake mama. Nasema kulikuwa, na sababu ni mimi.

Kwetu mashamba ya mpunga ni ya wanawake. Mwanamume anaweza kuwa na minazi, na mikorosho, na ng'ombe, na maneno mengi barazani, lakini bondeni akishuka anashuka kama mgeni. Shamba linatoka kwa mama kwenda kwa binti. Bibi alipewa na mama yake. Mama yangu alipofariki zamu ikaniangukia mimi. Bibi alikuwa ameshasema kwamba mwaka ule tukivuna atanisimamisha mbele ya wanawake wenzake wa bondeni aseme, hili sasa ni la huyu. Mwenyewe nilikuwa nikilingojea neno hilo kuliko hata harusi yangu.

Sasa bonde lenyewe. Ukilitazama haraka unadhani mto uko chini na mashamba yako juu. Sivyo. Ukingo wa mto wetu umeinuka kuliko mashamba, kwa sababu kila mafuriko yakivuka ukingo yanaangusha mzigo mzito pale pale, yaani mchanga, halafu yanaendelea na mzigo mwepesi. Huo mwepesi ndio tope. Unakwenda mbali, unatulia polepole, na maji yakishuka unabaki umetandikwa juu ya shamba kama shuka, mweusi, laini, unateleza vidoleni kama mafuta ya nazi. Mwaka mmoja unakuta unene wa ukucha. Mwaka mwingine kidole kizima. Siku moja tukipandikiza, bibi aliniambia, "Hapo uliposimama, mimi nilipokuwa mwari nilikuwa nasimama chini ya magoti yako." Nikacheka nikidhani ananitania. Hakuwa ananitania. Ardhi ilikuwa imepanda chini ya miguu yake maisha yake yote, yeye akipanda nayo.

Hakuna aliyewahi kununua mbolea kwa ajili ya bonde lile. Mto ndio ulioleta.

Lakini mto nao hauachwi tu uingie unavyotaka. Kabla ya mvua za masika wanawake wanashuka siku moja, wote, na majembe na makarai, wanafungua milango mitatu kwenye ukingo, yaani wanaizibua majani na mchanga wa mwaka uliopita. Mlango ni mfereji mfupi uliokatwa kwenye ukingo, upana wake kama kitanda. Mbele yake wanasimamisha fito mistari miwili mitatu, katikati wanashindilia matete na matawi, ili maji yakiingia yachujwe, yapunguze mbio. Yakipunguza mbio yanatua mchanga hapo kwenye fito, na tope linapita kwenda kwenye mpunga. Mchanga uliotuama unabebwa kwa karai unarudishwa juu ya ukingo. Kila mlango una mwenyewe, yule ambaye shamba lake linautazama. Wa katikati ulikuwa wa bibi.

Sheria ni moja: mlango haufungwi. Ukiogopa maji mengi unaongeza fito, lakini hufungi. Kwa nini, hakuna aliyewahi kunieleza, na mimi ninayeuliza kila kitu sikuwahi kuuliza hilo.

Basi bibi akaota kidonda mguuni. Ana sukari, na kidonda cha mtu wa sukari hakitaki tope. Mwaka wa kwanza alikwenda hivyo hivyo akichechemea, akausafisha mlango nusu, na mafuriko ya mwaka huo yakaingiza mchanga mpaka kwenye shamba la jirani yake. Na mchanga wenyewe siku hizi ni mwingi. Huko juu milimani watu wamekata miti wakachoma makaa, wakalima mahindi kwenye miteremko, na mvua ikipiga pale inashuka na kilima chenyewe. Wanaovua kaa huko chini baharini kwenye mikoko nao wanalia, wanasema mizizi inazama mchangani.

Mwaka wa pili daktari alimkataza kabisa. Siku ya kufungua milango nikafunga kibanda, nikajifunga leso, nikashuka mimi.

Jirani yake bibi alikuwa ameshafika. Ni mwanamke mnene wa sauti, umri wa marehemu mama, na shamba lake limepakana na letu upande wa chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Bibi yako yuko wapi?"

"Mguu bado."

"Mguu bado, mwaka wa pili huu." Hakuwa akisema na mimi, alikuwa akisema na bonde zima. "Mwaka jana mlango wake haukusafishwa, mimi nikavuna makapi. Mwambie, kama amechoka aseme. Kuchoka si dhambi. Amwachie mwenye mikono."

"Mikono si hii hapa?"

Akaitazama. "Hiyo? Hiyo ni ya kukunia simu, mwanangu. Kucha zenyewe zina rangi."

Wakacheka wote. Hata mimi leo nikikumbuka naona ilikuwa inachekesha. Lakini siku ile sikusikia mzaha, nilisikia bibi yangu anatukanwa mbele ya watu aliowafundisha kushika jembe, naye yuko kitandani hawezi kujibu. Na mtu akimgusa bibi yangu mimi sina breki.

"Basi nisikilize," nikamwambia. "Mchanga hautaingia kwako tena kupitia mlango huu. Hata punje. Nakuapia."

"Utafanyaje, utausomea kisomo?"

Wakacheka tena. Nikatupa jembe nikaondoka, na mlango wa bibi ukabaki na majani yake na mchanga wake wa mwaka jana.

Shule niliiacha darasa la nane. Vitu vingi ninavyovijua nimejifundisha mwenyewe, kwa kufungua na kuharibu na kutazama video. Simu yako ikizama baharini mimi naifufua, na hakuna aliyenifundisha. Sasa mtu aliyejifundisha mwenyewe ana ugonjwa mmoja: anadhani lile asilolijua ni lile ambalo bado hajatazama video yake. Usiku mmoja tu ulinitosha. Nikaona nchi za wenzetu wanavyozuia mafuriko kwa magunia ya mchanga, yamepangwa kama matofali, askari wanapeana mkono kwa mkono. Nikasema, kumbe. Kumbe bibi zetu wamehangaika na fito bure.

Kule Diani kulikuwa na nyumba ya kitajiri inajengwa, nikaomba viroba vitupu vya simiti kwa mlinzi. Nikachukua vijana wawili wa tuktuk, watu wa bara, wacheshi, wananiita madam. Tulishuka bondeni siku ya Ijumaa saa ya swala kwa makusudi, nikijua wanawake hawako na hawatashuka tena mpaka maji yaje. Tukajaza viroba mchanga ule ule wa mlangoni, tukauziba mlango wa bibi kutoka chini mpaka juu ya kimo cha ukingo. Nikaupiga kwa ubao mpaka ukawa ukuta.

"Madam, hii kitu iko solid," mmoja akasema, akiupanda na viatu vyake. "Hata mto ikuje na ndugu zake wote, itarudi nyumbani."

Nikapiga picha. Nilikuwa nazo kwenye simu mpaka mwaka jana nilipozifuta.

Jioni nikaenda kumfunga bibi kidonda. Alikuwa ameketi kitandani na uteo wake anachagua mbegu.

"Mlango umeufungua?"

Ningeweza kumwambia. Angenipigia kelele, angenituma nirudi nikauzibue, na ningerudi, maana bibi sijapata kumkatalia kitu. Lakini ningelazimika kumwambia na sababu, nimwambie alivyosemwa, na sikutaka asikie.

"Nimeufungua, bibi."

"Fito umepanga mbili mbili?"

"Mbili mbili."

"Mungu akupe umri, mwanangu." Akaendelea kuchagua.

Mvua haikunyesha kwetu. Ilinyesha huko juu, siku mbili, na siku ya tatu mto ukashuka mwekundu. Nilikuwa kibandani mchana, nimefungua simu ya mtu, nikapigiwa niende. Yule yule kijana aliyepanda ukuta ndiye aliyenipeleka. Nilipofika, wanawake walikuwa wamesimama huko juu, chini ya minazi, wanatazama. Milango ya pande mbili ilikuwa inafanya kazi yake, maji yanaingia kwa adabu. Ukuta wangu ulikuwa umesimama. Wallahi, hakikutoka hata kiroba kimoja. Mto ulikuwa umekaa nyuma yake, umejaa, unazunguka mahali pamoja kama mtu anayetafuta funguo, halafu ukapata. Hatua tano kutoka kwenye ukuta, ukingo ukalainika, ukaingia ndani, na mto wote ukapita hapo. Haukuchujwa na kitu. Ulikuja na mchanga wake, na mchanga wa ukingo, na mchanga ambao bibi na wenzake walikuwa wameubeba kwa karai miaka yote ile wakaurundika pale juu.

Sauti yake haikuwa kubwa hata. Ilikuwa kama lori linamwaga kokoto mtaa wa pili.

Siku nne maji yalikuwa juu. Yaliposhuka, shamba la bibi lilikuwa jeupe. Mchanga safi, umelala na mistari midogo midogo, mpaka kiunoni mahali pengine. Nusu ya shamba la jirani nayo imekwenda. Mashamba mengine yote yalikuwa na shuka lake jeusi kama kila mwaka.

Kijana wa tuktuk akasimama akatazama, akataka kunichangamsha. "Madam, si mmepata beach? Leta viti, leta madafu." Nilivua ndara nikampiga nayo usoni. Hakunirudishia. Aliona nilivyo, akaenda akaketi kwenye tuktuk yake akaningoja.

Baadaye, wiki nyingi baadaye, nilichukua chupa tupu ya soda, nikatia udongo wa bondeni na maji, nikatikisa, nikaiweka mezani kibandani. Mchanga ulitua kabla sijatoa mkono. Tope lilibaki linaelea mpaka kesho yake, likashuka kidogo kidogo, likajitandika juu. Basi ni hilo tu. Maji yanabeba kwa mbio zake. Yakikimbia yanabeba mchanga, yakitembea yanabeba tope, na ukiyazuia halafu yakakutoroka, yanabeba kila kitu. Fito za bibi zilikuwa zinayafundisha kutembea. Sikuhitaji video. Nilihitaji chupa ya soda na swali moja, na mwenye jibu nilikuwa namfunga kidonda kila jioni.

Bibi alitaka kuona mwenyewe. Nilimpeleka na mguu umefungwa mfuko wa plastiki, mkono wake mmoja begani kwangu. Wanawake walikuwa wamekusanyika. Jirani alikuwa kwenye ukingo na jembe, amefukua, na mbele yake viroba vyangu vimepangana vizuri, maandishi ya simiti yanasomeka.

"Mlango wa katikati ulifungwa," akasema. Safari hii hakupaza sauti. "Nani aliyeufunga?"

Nilifungua mdomo. Bibi akanibana bega. Vidole vyake ni vya mtu aliyeng'oa miche maisha yake yote.

"Mimi," akasema.

"Wewe mguu huu?"

"Nilimtuma huyu. Niliogopa mchanga wa mwaka jana, nikamwambia funga, akafunga. Yeye hana kosa, alitumwa."

"Bibi..." nikasema.

"Nyamaza, wakubwa wanasema."

Jirani aliegemea jembe lake. "Wewe," akasema. "Wewe uliyenichapa mimi mkononi kwa ufito, nina umri wa huyu, kwa sababu nilipanga fito karibu karibu, nusura nizibe mlango."

"Ndiyo mimi."

Na mimi nikanyamaza. Mimi ninayemjibu askari wa barabarani, mimi niliyemfukuza mteja kwa kuita kibanda changu kichafu, nilisimama pale na mkono wa bibi begani nikaacha maneno yale yapite. Kwa nini, sijui. Nilijiambia namtii. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa nyuso zile.

Bondeni hakuna faini wala kesi. Aliyefunga mlango hapewi mlango tena, na haitwi siku ya kazi. Basi. Hakuna aliyemtukana. Wakipita nyumbani wakawa wanasalimia kutoka njiani, hawaingii. Masika yaliyofuata, asubuhi, nilikuwa nimelala kwake nikawasikia wanapita na makarai, wanacheka, mmoja anaimba. Bibi alikuwa ameamka tangu alfajiri, ameoga, amejifunga leso yake ya kazi. Walipofika mbali akaivua akavaa ya nyumbani.

Nilikwenda kuuondoa ule mchanga. Kila siku ya mapumziko nilishuka na karai, nikachimba pembeni, nikabeba. Kimo cha goti chini nilifika kwenye tope. Lilikuwa bado jeusi, linanuka vile vile, na visiki vya mpunga wa mavuno ya mwisho vimelala ndani yake vyote upande mmoja, kama vimechanwa kwa kitana. Nililia pale nikamaliza. Nilisafisha mahali pa ukubwa wa mkeka. Mafuriko yaliyofuata yakapita pale pale kwenye tundu la ukingo, maana mto ukishapata njia ya mkato hauiachi, yakaufukia mkeka wangu na kuongeza.

Hapo ndipo nikaona haifai, lazima niseme. Nikaenda kwa jirani, mchana, nikamkuta uani anatwanga.

"Mama, nimekuja kusema kweli. Bibi hakunituma. Niliufunga mwenyewe kwa hasira, kwa sababu ya yale uliyosema. Nikamdanganya na yeye."

Hakuacha kutwanga. "Tunajua."

"Mnajua tangu lini?"

"Tangu siku ile. Viroba vya simiti bibi yako angevitoa wapi, kitandani? Kila mtu pale alijua."

"Sasa kwa nini mmemtenga?"

Akauweka mchi chini. "Kwa sababu alisema ni yeye. Mtu mzima kama yule anasimama mbele ya wenzake anasema ni mimi, wewe unataka tumwite muongo? Alichagua. Kama angesema ni wewe, tungekutenga wewe, na shamba lingekufa na yeye, usingepewa hata karai. Alitaka jina lako libaki safi bondeni. Tukampa alichotaka. Mimi mwenyewe nilipata shida kumpa, maana nusu ya shamba langu iko chini ya mchanga wako."

Nikasema nitakwenda kuwaambia wote, nimrudishie heshima yake.

"Utawaambia nini wasichokijua? Kaa." Sikukaa. "Hata sasa hivi umekuja kwa ajili yako, si kwa ajili yake. Nenda."

Nilikuwa na jibu. Mimi huwa nina jibu. Nilipofika njiani nikaona lile jibu halina kitu ndani.

Bibi alikuwa jikoni, anachagua mawe kwenye mchele wa dukani. Mchele wenyewe hauna mawe, unatoka kiwandani, lakini mikono yake haijui kupika bila kuchagua.

"Ulikuwa wapi?"

"Kwa jirani."

Mikono ikasimama. "Kufanya nini?"

"Kumwambia kweli."

Bibi hajapata kunipiga, wala siku ile hakunipiga. Aliuweka uteo chini akanitazama kama anatafuta ninafanana na nani.

"Kitu kimoja," akasema. "Nilikuwa na kitu kimoja kilichobaki cha kukupa, na nilikupa mbele ya watu. Umekwenda kukimwaga uani kwa mtu."

"Bibi, walikuwa wanajua tayari."

"Kujua na kuambiwa ni mamoja? Walikuwa wanajua, na hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kusema. Sasa umewapa ruhusa. Sasa mimi ni mwanamke mzima niliyesema uongo bondeni, na wewe ndiye uliyefunga mlango." Akauchukua uteo tena. "Hawatakuita, mwanangu. Nikifa hawatakuita."

Hivyo ndivyo ilivyo mpaka leo. Kidonda kimepona, na mguu umebaki mwembamba. Jirani ameachia ile nusu iliyofukiwa, amepanda muhogo, na muhogo umekubali kidogo. Bibi nimemshauri tupande na sisi, akasema yeye si mtu wa muhogo. Masika ya mwaka huu yameshaanza huko juu. Wateja wanaingia kibandani na viatu vyao wakilitukana tope, na juzi mto ulishuka mwekundu tena. Bibi hakuniuliza bonde likoje. Na mimi sikumwambia kwamba mchanga umefika kwenye mashamba mengine mawili.